Wiki Nne za Kutafuta Makalio

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Miaka sitini na moja tangu nitoke Kalemie, Kongo, kwa meli ya ziwani. Nilitoka na miaka kumi na mmoja, begi la shule na kiatu kimoja. Cha pili kilibaki gatini. Leo nina sabini na mbili, niko Nyakabiga, Bujumbura, na ninaandika haya nikiwa nimesimama mbele ya kabati. Si kwa kupenda.

Jana palikuwa na khitma kwa jirani. Tulikaa kwenye mikeka, tukasoma, tukaomba dua, watu wakainuka. Mimi sikuinuka. Sikuwa mgonjwa. Niliiagiza miguu isimame, nayo ikakaa kimya kana kwamba jambo hilo si la idara yake. Nikaagiza tena. Wanaume wanne wakaja kuninyanyua kama kabati, mmoja akisema tushike chini, mwingine akisema tumgeuze kwanza ndipo atapita mlangoni. Huseni fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja, alisimamia kazi bila kugusa. Aliwaambia: "Polepole, ndani kuna vitabu." Watu walicheka kwenye khitma. Hata marehemu, nadhani.

Soumaya aliona yote kutoka upande wa wanawake. Soumaya ni binti yangu, mtoto wa pekee, muuguzi, anakaa Kinanira. Asubuhi hii ameteremka kuja kunitangazia uamuzi. Alianza kwa Kifaransa, na akianza kwa Kifaransa huwa ameshaamua. Amesema mtu asiyeweza kuinuka sakafuni hawezi kuishi peke yake. Kwake kuna ngazi thelathini na nane, sitaziweza. Lakini mdogo wangu Sikuzani, aliyerudi Kalemie miaka saba iliyopita, ana chumba kitupu, na anakuja kwa Maulidi. Ataondoka na mimi.

Nilikataa. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwisho tumekubaliana hivi. Siku ya Maulidi, Ijumaa tarehe 5 Septemba, watu watakapoinuka kwa kiyamu kumsalia Mtume, nikiinuka mkekani peke yangu, bila mkono, bila ukuta, bila bega la mtu, nabaki. Nisipoinuka, meli.

Akiwa mlangoni alinitazama kwa nyuma, kwa jicho la kazi yake. "Papa, makalio yako yalienda wapi?"

Swali la haki. Nina kioo cha kunyolea tu, kwa hiyo nilijikagua kipande kwa kipande. Nilikuwa msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na mmoja. Ukurasa mtupu ninaujua nikiuona. Hii ilikuwa kurasa mbili.

Siku ishirini na saba.

Jumatatu, 11 Agosti

Utafiti. Kitabu changu cha tiba, kilichochapwa mwaka niliooa, kinasema msuli mkubwa kuliko yote mwilini ni ule wa kalio. Ndio unaomwinua mtu kutoka chini, ndio unaompandisha mlima, ndio unaomsukuma akikimbia. Nimeukalia miaka sabini na mbili bila kuusoma.

Kisha kwa Huseni. Huseni ana miaka sabini na minne, na ana makalio ambayo yeye akishakata kona, yenyewe bado yako mtaa wa nyuma. Nilimuuliza siri kwa kuzunguka, nikianzia kwenye vumbi la kiangazi. Akajibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye cherehani kwamba mambo mengine mtu hurithi, na kwa upande wangu pengine baba alikuwa na haraka. Nimeondoka na hasira. Hasira nayo ni nguvu.

Alasiri kwa Orlane. Binti wa mtaa huu huu, aliwahi kuwa mkimbiaji wa mita mia, sasa anaongoza klabu ya mbio ya Nyakabiga, wale wa fulana za kijani wanaotuamsha kila Jumamosi kwa ngoma na nyimbo. Alinizunguka mara mbili, kama fundi anayekagua gari lililolala uani miaka mingi. "Muzee, injini iko nyuma. Ya kwako haikuharibika, imelala tu." Nikamwambia ninatembea kila siku hadi msikitini na kurudi. Apana, akasema, mwendo wa tasbihi hauamshi msuli ule. Unataka kasi na unataka nguvu: mbio fupi za mlimani, kuruka, kuvuta mzigo, kisha kupumzika kabisa. Kidogo, lakini kwa moyo wote. "Kuja Jumamosi. Ukae nyuma ya wengine, usishindane na mutu."

Nimemshukuru. Sitakaa nyuma. Anayekaa nyuma huachwa, na anayeachwa huonwa na Huseni.

Jumamosi, 16 Agosti

Mpango ulikuwa kuanza mbele. Nilipiga hesabu kwamba nikiwa wa kwanza kabisa, hata wakinipita ishirini nitafika katikati, na mtu wa katikati haonekani. Saa kumi na mbili asubuhi watu walikuwa wamepanga safu, ngoma inalia. Orlane alipuliza filimbi, nami nikajitosa mbele ya wote, ndani ya kaptula ya marehemu shemeji yangu.

Sikuzingatia adabu. Hakuna aliyenipita. Hakuna kijana wa Nyakabiga atakayempita mzee barabarani mbele ya macho ya watu, tena mzee anayehema. Watu arobaini na wawili wakanifuata kwa mwendo wangu. Wimbo ukapunguzwa kasi ili uendane nami. Mpiga ngoma akawa anasubiri kati ya pigo na pigo. Klabu ya mtaa mwingine ikatupita kwa shangwe, kisha ikanyamaza, na mwanamke mmoja akavua kofia akatupa pole. Alidhani tunazika.

Mimi nilikuwa na furaha. Nilijiona nina kasi kuliko nilivyofikiri.

Kwenye kona Orlane alinijia akikimbia kinyumenyume, akauliza kwa heshima kama Muzee hangependa kupumzika kando kidogo. Nikamwambia bado nina nguvu. Tulitumia saa moja na dakika kumi kufika wanapofika kwa robo saa. Kisha tukarudi, mimi mbele.

Baada ya mbio palikuwa na kikao. Nimechaguliwa kwa makofi kuwa rais wa heshima wa klabu. Nimekabidhiwa filimbi na kiti cha plastiki, ili Jumamosi niwe ninawapulizia watu waondoke, kisha niwasubiri. Nilitoa hotuba ya shukrani. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, na kiti mkononi, ndipo nikaelewa.

Jumanne, 19 Agosti

Nimejiuzulu urais. Orlane hakunibembeleza. Amesema tufanye mazoezi sisi wawili, kwenye mteremko wa kupandia Kinanira. Petroli imeadimika tena, magari ni machache, mlima ni wetu.

Zoezi la leo: kupanda kwa kasi yote, sekunde nane. Nane tu. Kisha kushuka taratibu na kupumzika dakika mbili hadi pumzi irudi mahali pake. Mara nne. Alinisahihisha, jambo ambalo sijalizoea. Mimi ndiye huwa nasahihisha. "Acha mabega, si yenyewe inapanda. Sukuma udongo nyuma, kama unaufukuza." Nikaufukuza. Mara ya tatu nilihisi kitu kule nyuma, kama mtu aliyegeuka usingizini.

Kisha kulala chali, magoti yamekunjwa, visigino chini, kuinua kiuno hadi mwili unyooke, kubana makalio, kushusha. Mara nane. Mwisho matofali. Alipanga matatu, nikakaa juu yake, nikainuka bila mikono. Wiki ijayo mawili, kisha moja, kisha mkeka mtupu. Huo ndio mpango wake wote.

Dakika ishirini na tano kwa jumla, na nyingi zilikuwa za kukaa. Nilimuuliza kama ndiyo yote. Akasema msuli hujengeka mtu akiwa amepumzika. Nimesoma vitabu vingi, sijaona jambo linalojengeka kwa kupumzika, isipokuwa deni la dukani. Kama nane ni nzuri, mia mbili ni bora. Nimemwagiza muuza duka gunia dogo la maharage, la kuweka kiunoni kama uzito.

Sijamwambia Orlane.

Alhamisi, 21 Agosti

Mia mbili hazikufika. Zilifika sitini na tatu.

Jana alasiri nilijilaza kitandani, gunia kiunoni, nikawa ninainua na kushusha huku nikihesabu kwa sauti. Kwenye ya sitini na nne mbao zote za kitanda zilikatika kwa pamoja. Tukashuka mimi, godoro na maharage. Sikuumia. Ila nilikuwa ndani ya fremu ya kitanda kama maiti mwenye haraka, na kutoka sikuweza, na hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Huseni alisikia kupitia ukutani. Kwanza kuhesabu, kisha kuguna, kisha kishindo. Alikuja na nusu ya mtaa. Alichungulia shimoni akauliza: "Profesa, ulikuwa unahesabu maharage moja moja?" Akaagiza waninyanyue kuanzia miguuni, kwa kuwa sasa wana uzoefu. Jioni watoto walikuwa barabarani wakihesabu hadi sitini na tatu kisha wanaanguka wote.

Leo sikai. Sichuchumai. Chakula nimekula nimesimama. Msikitini nimesali kwenye kiti, ninachokitumia tangu Ramadhani kwa kisingizio cha daktari, na safari hii hata kiti kimeniuma. Orlane amekuja, ametazama kitanda, ametazama maharage, amesema hakuna mazoezi mpaka Jumapili. Nikamwambia zimebaki siku kumi na tano tu. Akasema ndiyo maana.

Jumapili, 24 Agosti

Kajaga. Klabu ilikimbia hadi ufukweni. Mimi nilikwenda kwenye pikapu pamoja na ngoma na maji. Orlane alikuwa ameniagiza nije na tairi la kuvuta mchangani, kwa kamba kiunoni. Hakutaja la chombo gani. Nilikwenda na la baiskeli.

Alilitazama kwa muda. Akauliza kama hili limeshanichosha au bado. Kisha akaenda kuazima la gari kwa wavuvi. Wavuvi wakaacha kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakapanga viti.

Nikiwa nafunga kamba, mmoja wao aligundua kwa kusema kwangu kwamba nimetoka Kongo, akanionyesha milima ya ng'ambo. "Kwenu si pale, Muzee?" Hapa huwa ninasahihisha. Ile ni milima ya Uvira. Kalemie iko kusini, mamia ya kilomita, haionekani kutoka Kajaga hata siku hewa ikiwa safi. Inaonekana nikifumba macho tu, na hata hivyo ninachoona ni gati na kiatu. Akasema sawa, Muzee, na akanitazama kana kwamba amenionyesha duka nami nimempa ramani.

Mbio tatu za kwanza: sekunde nane, mita tisa. Tairi halikutaka. Kabla ya ya nne nilikuwa nimeinama kukaza fundo, nimeligeuzia ziwa mgongo, nikasikia wavuvi wakipiga kelele. Nilidhani wananishangilia. Niligeuka niwapungie mkono. Kiboko alikuwa ametoka majini, hatua kama thelathini, anatazama tairi.

Sikumbuki kukimbia. Ninakumbuka niko juu barabarani kando ya pikapu, na tairi bado liko nyuma yangu, limeleta na mchanga wake. Orlane ni mtu wa kazi, alikuwa amebonyeza saa. Mita arobaini, sekunde kumi na mbili, na tairi la gari. Aliandika kwenye daftari. Wavuvi wanasema kiboko yule ni wa pale pale, alitoka kula majani tu, wala hakuniona.

"Umeona?" Orlane aliniambia. "Nguvu iko. Ilikosa sababu."

Swali langu ni moja. Kwa nini Huseni huwapo kitanda kikivunjika, na leo hakuwapo?

Ijumaa, 29 Agosti

Sikuzani amefika. Anakaa kwa Soumaya. Nimekwenda kumwamkia, nimepanda ngazi zote thelathini na nane bila kusimama. Hakuna aliyeona. Walikuwa ndani wanajadili jinsi ya kufunga vitabu vyangu kwenye masanduku.

Ameleta samaki wakavu na picha za chumba. Amekipaka rangi ya samawati. Dirisha linatazama maji. Ameshafunga chandarua. Aliniambia kwa upole, na upole wake ndio tatizo: "Kaka, kule hakuna mutu atakucheka. Mi niko peke yangu, na we uko peke yako. Nani anafaidika?" Niliomba chai.

Alikuwa na miaka mitatu tulipotoka, mgongoni kwa mama. Hakumbuki kitu, ndiyo maana aliweza kurudi. Mimi ninakumbuka majina ya darasa langu lote kwa mpangilio wa viti, na ninajua kwamba hakuna kiti kilichobaki na mwenyewe. Vitabu vyangu viko Nyakabiga. Mke wangu, Mwanvua, amezikwa hapa, miaka sita sasa, na kila Ijumaa ninapita kaburini kumpa habari za mtaa. Habari za kitanda alizipata zote. Kutoka Kalemie ningempaje?

Haya sikuyasema. Nilisema rangi ya samawati itanipa baridi. Soumaya akasema kuna blanketi.

Siku saba.

Jumanne, 2 Septemba

Mtihani wa majaribio. Matofali matatu: nimeinuka. Mawili: nimeinuka. Moja: nimeinuka, kwa kelele. Mkeka mtupu: nimejaribu mara tatu, nimeinuka mara moja, na hiyo moja nilishika goti la Orlane. Yeye amefurahi. Amesema nimebakisha kidogo sana, sasa nipumzike hadi Ijumaa, msuli umalize kazi yake. "Sikia, Muzee. Usiongeze kitu. Usibuni kitu."

Goti la mtu ni goti la mtu. Ijumaa Orlane hatakuwa pembeni yangu mkekani.

Alasiri nimekwenda kwa Huseni kuchukua kanzu aliyonikunjia pindo. Nilibisha hodi, cherehani ilikuwa inakimbia, hakusikia. Niliingia. Huseni alikuwa amenipa mgongo, na chini ya mgongo palikuwa bapa kama ubao wa shule. Ukutani, kwenye msumari, makalio yake yalikuwa yananing'inia.

Niliyakagua kwa utulivu. Sponji mbili nene zilizokatwa kwa ustadi, zimeshonwa ndani ya kitambaa cha bluu, na kamba za kufunga kiunoni. Hakuna mshono uliopinda. Huseni ni fundi, hilo sitamnyima.

Alikiri bila kusumbua. Miaka arobaini juu ya kigoda kigumu. Kwanza aliweka mto kwenye kigoda; wateja wakawa wanaukalia wakisubiri, akauhamishia kwake. Siku moja marehemu mkewe akamsifu umbo. Baada ya hapo, akasema, angeanzia wapi kuuvua? Nilitaka kucheka. Sikuweza, kwa sababu ya namna alivyosema "marehemu".

Kisha akaniambia jambo la maana. Ukikaa nayo mkekani, unakuwa juu kwa vidole vinne, na mtu anayeanzia juu ana safari fupi. Nilikwenda nyumbani kulipima tofali la Orlane. Vidole vinne!

Nilirudi mbio, nadhani sekunde nane. Tumekubaliana: ananiazima kwa Maulidi, nami simwambii mtu. Anayo jozi moja tu, hakuwahi kufikiria kwamba atahitaji ya akiba. Yeye atawaambia watu alikuwa anafunga sunna na amepungua.

Sijamwambia mtu. Shajara si mtu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Maulidi yalikuwa baada ya sala ya Ijumaa, uwanjani nyuma ya msikiti, wanaume mbele, wanawake pembeni chini ya turubai. Nilifunga makalio ya Huseni chini ya kanzu. Nilipopita, watu walinipisha. Mzee mmoja aliniambia nimenawiri. Huseni alikuja amejifunika shali hadi magotini, wakamuuliza mara tatu kama anaumwa.

Tulikaa bega kwa bega, mstari wa tatu. Nilijishusha kwa uangalifu. Nilitarajia ulaini, sikuuhisi sana. Nikadhani ndivyo sponji bora zilivyo. Soumaya na Sikuzani walikuwa wamechagua mahali pa kuniona vizuri kuliko msomaji.

Dufu zikapigwa, kisomo kikaendelea. Nilikuwa ninanong'ona masomo ya Orlane: visigino chini, kifua mbele, fukuza udongo. Ninakijua kisomo hiki tangu utotoni, ninajua mstari unaotangulia kiyamu. Nilisubiri kama mkimbiaji anayesubiri filimbi. Msomaji akavuta pumzi. Nikafukuza udongo.

Niliinuka. Bila mkono, bila ukuta, bila bega. Niliinuka kwa nguvu hata kofia ikanikalia upande. Na nilikuwa peke yangu, kwa sababu ilikuwa bado mistari miwili.

Nikasema sasa nimekwisha. Sikuwa na hakika kwamba nikikaa nitaweza tena. Basi nikabaki nimesimama, mikono kifuani, kama mtu anayejua jambo. Kijana wa nyuma yangu akaona mzee amesimama yeye amekaa, akaona aibu, akainuka. Wa pembeni yake akainuka. Mstari mzima, kisha uwanja mzima, mia tatu hivi, wakawa wima. Msomaji aliinua macho, akaruka mistari miwili, akaanza kiyamu. Adabu ile ile ya barabarani.

Aliyebaki chini alikuwa mmoja. Huseni. Alijaribu mara mbili, mikono ikitafuta kitu hewani. Alinitazama. Sijawahi kuona macho yale kwa Huseni. Huwa ninayaona kwenye kioo cha kunyolea. Nilikuwa na sentensi tayari, ya vitabu na kabati, nimeilea tangu mwezi uliopita. Nikampa mkono. Akapanda. Yu mwepesi ajabu. Tukaimba bega kwa bega, naye hakuuachia mkono wangu hadi mwisho.

Ndipo nikaona mkekani, nyuma yetu, sponji mbili za bluu zimekaa zenyewe, zimetulia kuliko waumini wote.

Wakati wa pilau Soumaya alinikumbatia, akalia kidogo, akasema ahadi ni ahadi. Kisha akauliza ule mto wa bluu ni wa nani. Anasema kamba zilifunguka nilipokuwa ninajishusha. Sponji zilibaki nyuma yangu tangu mwanzo, na nusu saa nzima nilikaa kwenye mkeka mtupu. Sikuzani amethibitisha. Orlane, aliyekuja kula pilau kama majirani wote, alicheka hadi akaweka sahani chini. "Muzee, sponji haina musuli. Umesimama na ya kwako."

Nilisema mto ule siujui. Huseni akasema hata yeye.

Jumapili, 7 Septemba

Nimelipima jambo hili kwa siku mbili, kwa uangalifu wa kazi yangu ya zamani, na hitimisho liko wazi. Ilikuwa ni sponji. Soumaya anasema nilikaa vidole vinne mbele ya sponji. Mimi ninasema kitu kizuri hivyo hufanya kazi hata kikiwa jirani. Wiki mbili za milima na matofali hazingeweza kumwinua mtu. Nimemwandikia Orlane barua ya kumuaga, yenye aya tatu na shukrani za kweli. Ameirudisha na neno moja chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Jumanne."

Sitakwenda. Nimempelekea Huseni vipimo vyangu vipya: vidole sita, kamba za ngozi, kitambaa cha kijivu ili yasionekane mkekani. Anasema hana nafasi wiki hii. Mkononi alikuwa na tofali. Nilipouliza la nini, akasema la kuzuia mlango. Mlango wake unafungukia nje.

Sikuzani ameondoka asubuhi. Nilimsindikiza hadi bandarini, nikambebea samaki wake waliobaki. Aliniuliza kama akibadilishe rangi chumba kile. Nikamwambia akiache samawati, ahamie yeye mwenyewe, dirisha ni zuri. Akacheka, akafuta macho, akasema atakuja tena kwa Maulidi yajayo, kuona kama bado ninainuka. Nikamwambia atatukuta wawili, mimi na Huseni, mstari wa tatu. Alipanda ngazi ya meli taratibu, ameshika kamba kwa mikono yote miwili. Nilitaka kumpigia kelele asukume udongo nyuma. Pale hapakuwa na udongo.

Nilisimama gatini hadi meli ikawa ndogo. Nilitazama miguu yangu. Viatu vyote viwili.

Sitarudi Kalemie.